Vikaragosi vya Karatasi: Maswali Tunayoulizwa Kila Mara

Kila Jumamosi asubuhi, watoto wa Langoni hapa Lamu hukaa barazani kwetu na mikasi, mabaki ya manila na simu moja iliyopasuka kioo, wakitengeneza filamu. Ni nadra mtu kupita asiulize jambo. Wazazi huuliza, walimu huuliza, wavuvi wanaorudi kutoka pwani na samaki mkononi husimama wakauliza, samaki wakaanza kunuka. Mengi ni yale yale, kwa hiyo nimeyaandika hapa na majibu yake. Pale yanapoingiliana, nimekuelekeza swali jingine badala ya kurudia.

## Mambo ya mwanzo

Filamu ya karatasi ni kitu gani hasa?

Ni filamu ambayo wahusika wake wamekatwa kwa mkasi. Unamkata mtu, punda au mashua kwenye karatasi ngumu, vipande vipande, unaviunga kwenye maungo ili vikunjike, unamlaza mhusika wako juu ya meza, unapiga picha. Unamsogeza kidogo, unapiga nyingine. Ukimaliza unazipitisha picha zote kwa kasi, na jicho la mtazamaji linaziunga lenyewe likaona mwendo.

Vitabuni kazi hii huitwa uhuishaji, yaani kutia uhai. Barazani tunasema "katuni za mkasi" na kila mtu anaelewa.

Tofauti yake na katuni za kuchora ni ipi?

Kwenye katuni ya kuchora, mguu ukiinuka hatua kumi umechorwa mara kumi. Kwetu kikaragosi ni yule yule tangu mwanzo wa hadithi hadi mwisho. Akifika mwisho amechoka kweli: kona zimekunjamana, na mgongoni ana doa la mafuta la mtu aliyekuwa akila mahamri.

Mchoraji akitaka mhusika wake ageuke amtazame mtazamaji, anamchora amegeuka, basi. Kikaragosi wa karatasi hageuki. Ndiyo maana wengi huonekana ubavuni, kama mfalme kwenye sarafu, na akitakiwa kugeuka lazima ukate mwingine.

Na vikaragosi vya kivuli? Si ndivyo hivyo hivyo?

Ni ndugu. Java, huko Indonesia, kuna wayang kulit, vikaragosi vya ngozi ya nyati vinavyochezwa nyuma ya pazia lenye taa. Cairo, katika karne ya 13, tabibu wa macho aliyeitwa Ibn Daniyal aliandika michezo ya vivuli ambayo inasomwa hadi leo. Waturuki wana Karagöz, jina lenye maana ya "jicho jeusi", mcheshi wa kivuli asiyejua kunyamaza. Sasa litamke polepole neno letu la kikaragosi, usikie Karagöz ndani yake. Mimi nililitumia neno hilo miaka mingi kabla sijalisikia.

Tofauti ni kwamba mchezo wa kivuli huchezwa mbele ya watu, na mkono hukimbia pamoja na hadithi. Kwenye filamu mkono husimama baada ya kila picha. Anayecheza kivuli akikosea, kosa limepita. Sisi tukikosea, kosa linakaa.

## Waliotangulia

Nani alianza?

Hakuna mmoja wa kumpa taji. Mwaka 1906 J. Stuart Blackton, huko Marekani, alitoa filamu fupi ya nyuso zilizochorwa ubaoni kwa chaki, na baadhi ya sehemu akatumia vipande vilivyokatwa badala ya kuchora upya kila mara. Mfaransa Émile Cohl, ambaye filamu yake ya michoro ilitoka 1908, naye alikuja kutumia karatasi za kukata. Ukiniuliza, wote wawili walikuwa wanatafuta njia ya kupunguza kazi. Uvivu wa namna hiyo nauheshimu.

Aliyeipeleka mbali ni Quirino Cristiani, mzaliwa wa Italia aliyeishi Argentina. Mwaka 1917 alionyesha Buenos Aires filamu iitwayo El Apóstol, ya dakika 70 hivi, kwa vikaragosi vya kadibodi vyenye viungo. Ilimdhihaki rais wa wakati huo, Hipólito Yrigoyen. Ndiyo filamu ndefu ya kwanza ya uhuishaji inayojulikana duniani, miaka 20 kabla ya Disney kutoa yake ndefu ya kwanza mwaka 1937. Yaani katuni ndefu ya kwanza ilikuwa ya kadibodi, na ilitengenezwa ili kumcheka mkubwa.

Lotte Reiniger ni nani, mbona mnamtaja kila Jumamosi?

Kwa sababu hakuna aliyeshika mkasi kama yeye. Alizaliwa Berlin mwaka 1899, na tangu utotoni alikuwa akikata sura za watu kwenye karatasi nyeusi na kucheza michezo ya vivuli nyumbani. Mwaka 1923, benki za Ujerumani zikiwa zimejaa noti zisizonunua kitu, mwenye benki mmoja aitwaye Louis Hagen alikuwa amenunua mikanda ya filamu ili fedha yake isiyeyuke. Akamwambia binti huyu aitumie kutengeneza filamu ndefu, akampa chumba juu ya gereji yake huko Potsdam.

Kazi ilichukua miaka mitatu. Mumewe, Carl Koch, alisimamia kamera iliyofungwa juu ikitazama chini. Chini yake kulikuwa na meza ya vioo iliyomulikwa kutoka chini, na Lotte alilaza juu yake vikaragosi vya kadibodi nyeusi na mabamba membamba ya madini ya risasi, vimeungwa kwa waya. Mandhari ya nyuma aliyafanya kwa karatasi laini inayopitisha mwanga, tabaka juu ya tabaka: palipo na tabaka nyingi pana giza, palipo na moja panang'aa. Berthold Bartosch alimsaidia kwa mambo kama mawimbi ya bahari, Walter Ruttmann kwa michezo ya mwanga na uchawi. Filamu ilionyeshwa Berlin tarehe 2 Mei 1926. Jina lake ni Die Abenteuer des Prinzen Achmed, yaani visa vya mwana wa mfalme Ahmed, na ndiyo filamu ndefu ya uhuishaji ya zamani kuliko zote zilizosalia.

Piga hesabu. Dakika 65, kila sekunde picha 24. Ni zaidi ya picha elfu tisini, na kila moja mkono umegusa kitu.

Filamu ya Wajerumani, mbona imejaa mambo tunayoyajua?

Kwa sababu imechotwa kwenye Alfu Lela Ulela: farasi apaaye, Aladini na taa yake, Pari Banu na mavazi yake ya manyoya. Bibi mmoja jirani yetu aliitazama kwenye simu kuanzia mwanzo, haina neno hata moja la kusemwa, na akawa anawahadithia watoto kabla jambo halijatokea. Hadithi alikuwa nayo tayari. Aliyokuwa hajayaona ni hayo matao na nakshi zilizokatwa kwa mkasi mpaka mwanga ukapita, kama vile fundi wa milango ya hapa anavyotoboa mbao.

Kuna swali watoto huuliza, na halikwepeki: mbona mchawi mbaya ni Mwafrika? Katika hadithi ya Aladini mchawi hutoka Maghribi, yaani kaskazini magharibi mwa Afrika, na filamu imemwita mchawi wa Kiafrika na kumpa umbo la kutisha. Nawaambia hivyo hivyo: aliyemkata ni fundi mkubwa, na macho aliyomtazamia yalikuwa ya Ulaya ya miaka ile. Kisha nawapa mkasi, kila mmoja amkate mchawi wake. Mara ya mwisho tulipata mmoja mwenye suti na mkoba.

Nje ya Ulaya hakukuwa na watu wa kazi hii?

Walikuwepo. Japani, Noburō Ōfuji alianza katika miaka ya 1920 kukata wahusika wake kwenye chiyogami, karatasi za Kijapani zenye maua na mapambo yaliyopigwa chapa. Mimi nilipoona nilifikiria leso mara moja, na siku hizi wanawake wote katika filamu zetu huvaa picha za leso zilizokatwa kwenye kalenda na matangazo ya maduka. China, mwaka 1958, Wan Guchan alitoa filamu iliyotokana na sanaa yao ya kukata karatasi za kubandika madirishani.

Afrika, jina linalotajwa sana ni Moustapha Alassane wa Niger. Filamu yake ya 1966, Bon voyage Sim, ni ya rais wa jamhuri ya vyura anayesafiri kwa mbwembwe kumtembelea jirani. Na hapa Kenya, vipindi vya Tinga Tinga Tales vilitengenezwa Nairobi kwa kompyuta, vikaanza kuonyeshwa mwaka 2010, wanyama wake wakifuata picha za Tingatinga za Tanzania.

Filamu hizo za kale bado zipo?

Chache. Mikanda ya zamani ilikuwa ya nitrati, kitu kinachoshika moto haraka na kuoza hata kisipoguswa. El Apóstol iliteketea kwa moto mwaka 1926, mwaka ule ule ambao ya Lotte ilionyeshwa. Ya Lotte nayo nakala zake asili za Kijerumani zilipotea, ikaokolewa na nakala iliyokuwa imehifadhiwa Uingereza. Ukarabati uliokamilika 1999 uliirudishia rangi zake za buluu, manjano na nyekundu, kwa hiyo ukikutana na nakala nyeusi tupu mtandaoni, itafute nyingine.

## Uzuri wake

Mbona picha inatetemeka? Si mrekebishe?

Hili ndilo swali ninalolipenda, na huulizwa kwa huruma, kama mtu anayekwambia una uzi begani.

Inatetemeka kwa sababu mkono umepita hapo. Unapoinua mguu wa kikaragosi, kidole kinagusa shati lake bila kukusudia, likasogea nusu milimita. Kwenye picha moja huoni kitu. Kwenye picha 12 za sekunde moja, shati linapumua. Hakuna aliyepanga lipumue, na kompyuta hailifanyi lipumue mpaka uiagize.

Angalia kofia iliyoshonwa kwa mkono na ile ya mashine iliyoletwa kwenye katoni. Ya mashine imenyooka zaidi. Lakini mzee wa hapa ataishika ya mkono, aigeuze ndani nje, aitafute sehemu ambayo mshonaji alichoka, akalala, kesho yake akaendelea kwa mkazo tofauti kidogo. Ataionyesha kwa kidole. Filamu hizi ninazitazama hivyo. Kuna mahali katika visa vya Ahmed ambapo ukisimamisha picha utaona ukingo wa kiungo, duara dogo begani ambapo waya umepita. Nikiliona lile duara namwona mwanamke ameinama juu ya kioo chenye joto la taa, mgongo unauma, bado picha elfu kadhaa kabla ya chakula cha jioni.

Kuna kutetemeka kwa mkono na kuna kutetemeka kwa uzembe, usichanganye. Simu isiyofungwa vizuri inaitikisa dunia nzima, baraza na bahari pamoja. Hilo ni kosa na dawa yake iko chini, kwenye swali la simu kusogea.

Hawana nyuso. Nitajuaje kwamba mtu amekasirika?

Unamjuaje shangazi yako akiwa na buibui na nikabu, mwisho wa uchochoro, saa ya Magharibi? Unamjua kwa mwendo. Unajua hata kama amekasirika: bega moja limepanda, hatua fupi, mkono umekamata buibui kifuani. Watoto wa Lamu wana darasa hilo tangu kuzaliwa, na ndiyo maana wanakata vivuli vizuri kuliko wageni wengi niliowaona wakijaribu.

Kwa kikaragosi cheusi, kila kitu kiko kwenye shingo na viganja. Shingo ikilegea milimita tatu ni huzuni. Ikirudi nyuma, ni dharau. Kiganja kikate peke yake, na kiwe kikubwa kidogo kuliko haki yake.

## Kazi yenyewe

Nahitaji vifaa gani?

Mkasi mdogo wenye ncha, sindano, uzi, manila, simu yenye kamera, na kitu cha kuishikilia simu hiyo ikitazama chini. Sisi tunatumia viti viwili vya plastiki na ubao wenye tundu uliowekwa juu yake. Programu za kupiga picha moja moja na kuziunga zipo za bure kwenye simu. Chagua yoyote inayokuonyesha picha iliyopita kwa ukungu juu ya ile unayotaka kupiga, hutajuta.

Karatasi ipi inafaa?

Manila kwa mwili, boksi la nafaka kwa miguu na mikono inayofanya kazi nyingi. Karatasi ya daftari haifai, hewa ya chumvi huilegeza kabla ya adhuhuri, na kikaragosi aliyeinuka asubuhi anajikunja kama pweza jioni. Usiku tunawahifadhi wahusika kwenye mkebe wa biskuti pamoja na mchele uliofungwa kwenye kitambaa, unyevu unyonywe. Mchele huo usiupike.

Viungo vinaungwaje?

Acha sehemu ya ziada ya mviringo kwenye kila kipande, mahali kitakapopishana na kingine. Toboa vyote viwili kwa sindano, pitisha uzi, piga fundo mbele na fundo nyuma, kata. Fundo likikaza sana kiungo hakigeuki, likilegea sana mkono unaning'inia kama wa mlevi. Kipimo chetu: kikaragosi ukimshika kichwa na kumwinua, mikono ianguke polepole. Ikianguka ghafla, funga upya.

Punda anatembeaje?

Vibaya, mara kumi za kwanza.

Punda wetu ana vipande 12: mwili, shingo na kichwa, masikio pamoja, mkia, na miguu minne yenye vipande viwili kila mmoja. Kosa la kila anayeanza ni kuisogeza miguu ya mbele na nyuma kwa pamoja, punda akaonekana anaruka kamba. Tokeni nje mkamtazame wa kweli, wapo wa kutosha. Akitembea kwa utulivu huanza mguu wa nyuma wa kushoto, ukifuatwa na wa mbele wa kushoto, kisha nyuma kulia, kisha mbele kulia. Kila mguu na zamu yake. Kichwa nacho huinama na kuinuka, mara mbili kwa mzunguko mmoja.

Kwa punda wa urefu wa sentimita 12, msogeze sentimita moja kasoro kwa kila picha, na mzunguko mmoja wa miguu umpe picha 12. Akiwa amebeba mawe ya kujengea kutoka kisiwa cha Manda mpunguzie iwe nusu sentimita, na shingo ishuke. Mtoto mmoja aliongeza jambo ambalo sikulifundisha: kila baada ya hatua kadhaa punda wake anasimama picha nane bila kufanya chochote, sikio tu linageuka. Uwanja mzima ulicheka, kwa sababu ndivyo walivyo.

Picha ngapi kwa sekunde?

Sinema hupita picha 24 kwa sekunde. Sisi tunapiga 12, na kila moja inaonyeshwa mara mbili. Mwendo unakuwa mkavu kidogo, lakini kazi imekuwa nusu. Dakika moja basi ni picha 720. Ukipiga mbili kwa dakika bila kupumzika ni saa sita, na hakuna mtoto asiyepumzika, kwa hiyo filamu ya dakika moja hutuchukua Jumamosi tatu. Watu wazima huchukua nne kwa sababu wanabishana.

Upepo je?

Ndio adui mkubwa. Kuanzia upepo wa kusi uingie, Aprili hivi, barazani hapakaliki na karatasi. Tulipoteza mashua nzima na nahodha wake ndani ya mtaro mwaka wetu wa kwanza. Sasa wakati wa kusi tunaingia ndani, na nje tunafanya kukata na kuunga tu.

Reiniger alichanganya kadibodi na risasi, na uzito ule ulimsaidia kikaragosi alale bapa. Kuna mzazi mvuvi aliyetuletea chubwi, vile vipande vya risasi vya kuzamisha mshipi, zilizopondwa ziwe bapa. Tulimshukuru, hatukuzitumia: risasi ni sumu na watoto huweka vidole mdomoni. Tunatumia kioo cha fremu ya picha, kinalazwa juu ya vyote kabla ya kupiga. Taa iinamishe pembeni ili kioo kisiakisi. Ndiyo, kinaongeza kazi kwa kila picha, na ndiyo, hapo ndipo hesabu ya Jumamosi tatu ilipotoka.

Mwanga unapepesa kwenye filamu yangu. Nifanye nini?

Umepiga kwa mwanga wa jua na wingu limepita, au simu imejirekebisha yenyewe kila kikaragosi cheusi kilipoingia. Funga madirisha, tumia taa mbili za kuchaji moja kila upande (stima ikikatika hazitajali), na kwenye simu bonyeza kioo kwa muda mpaka ikuonyeshe kwamba mwanga umefungwa. Usivae shati jeupe. Linarudisha mwanga mezani kila unapoinama.

Nawezaje kufanya bahari, moshi au ukungu kwa karatasi?

Bahari: chana, usikate, karatasi za buluu kwa mkono ziwe vipande virefu, zipange tatu au nne, kila moja isogee kwa upande wake. Ukingo uliochanwa huacha weupe, na weupe huo ndio povu. Mashua iache katikati, iinue na kuishusha tu. Bahari ndiyo isafiri.

Ukungu na moshi: hapa mwalimu ni Yuri Norstein wa Urusi, aliyetoa mwaka 1975 filamu fupi ya kalunguyeye aliyepotea kwenye ukungu. Alitandaza karatasi nyembamba sana juu ya mhusika, kisha akawa anaiinua kidogo kidogo kuelekea kamera. Kadiri inavyopanda, mhusika anafifia. Tuliijaribu kwa karatasi ya kunakilia ramani, kwa moshi wa udi kwenye filamu ya harusi, na chumba kizima kikanyamaza.

Na sauti?

Rekodi baadaye, kwa simu hiyo hiyo, chini ya shuka. Wengine hugonga vifuu vya nazi wapate kwato za punda. Sisi tunafungua mlango.

## Maswali ya pembeni

Kutengeneza sanamu za viumbe si haramu?

Huulizwa kwa sauti ya chini, na mara nyingi na mzazi ambaye tayari amemleta mwanawe. Si kazi yangu kutoa fatwa. Masheikh wametofautiana, na kila nyumba ina mwalimu wake, muulizeni yeye. Ninachoweza kusema ni kwamba darasani hakuna anayelazimishwa kumkata kiumbe. Tuna kijana ambaye kwa mwaka mzima amekata majahazi, minazi, milango na mawingu tu. Tanga la jahazi lake likishika upepo, foromali, ule mti unaobeba tanga, unapinda kabla ya mlingoti kufuata. Hakuna mwenye mtu wa karatasi anayemfikia.

Mtoto wa umri gani anaweza?

Kukata kwa mkasi butu, miaka mitano au sita. Kusogeza na kupiga, minane. Wadogo zaidi wape kazi ya kuhesabu picha kwa sauti, wanaipenda mno, na watu wazima tunapoteza hesabu.

Kompyuta inafanya haya yote. Kwa nini mjitese?

Inafanya, na inafanya vizuri. Programu nyingi za katuni za leo zinatumia mbinu hii hii: vipande, viungo, kusogeza. Anayejua karatasi atazielewa kwa siku moja. Kinyume chake sijakiona. Kijana mmoja alikuja kutoka chuo akijua programu zote, nikampa mkasi na manila, akakaa nusu saa akitafuta mahali pa kubonyeza ili arudishe kipande alichokikata.

Kuna hela humo?

Kidogo. Matangazo ya harusi na duka, mara moja moja. Tuliwahi kutengeneza tangazo la sekunde 20 kwa biashara moja, wakalipenda, wakaomba "tulinyooshe lisitetemeke", kisha wakakaa na malipo miezi mitano. Tangu siku hiyo nusu ya fedha hutangulia.

Simu imesogea katikati ya kazi. Nianze upya?

La. Fungua picha ya mwisho kwa ukungu (tazama swali la vifaa), rudisha simu mpaka kingo za meza zilingane, endelea. Isipolingana kabisa, badilisha pembe: anza tukio jipya, mlango ufunguke, mtu mwingine aingie. Mtazamaji atadhani ulikusudia. Ili isirudie, ifunge kwa mpira wa tyubu ya baiskeli, si kwa selotepu. Selotepu hulegea kwa joto.

Kikaragosi amekatika shingo na bado hadithi haijaisha.

Mbandike kwa nyuma kwa karatasi ile ile. Ndiyo maana tunakata wahusika wakuu wawili wawili tangu mwanzo, ingawa pacha hafanani sawasawa na mwenzake, na watoto huwa na mpendwa wao.

Paka akipita juu ya meza?

Atapita, hapa ni Lamu. Kwenye filamu yetu ya jahazi alipita baada ya saa tatu za kazi iliyokwenda vizuri, na aliyekuwa akibonyeza hakuweza kuzuia kidole. Kuna picha mbili zenye mguu wa manyoya wa kijivu uliokanyaga bahari, mkubwa kuliko mlingoti. Nilitaka kuzifuta. Watoto walipiga kura, nikashindwa, wakaweka na sauti ya radi.